Kuongeza Mbio si Kuongeza Kazi

Tangu muhula uliopita pana ubishi katika shule yetu juu ya kishikwambi cha Chama cha Sayansi. Wako wasemao kwamba mwanafunzi asiruhusiwe tena kugusa programu za ndani za mashine yo yote ya shule. Wako wengine wasemao kwamba vijana waachwe wafanye wapendavyo, kwa kuwa hakuna ajifunzaye bila kuharibu. Mimi ndiye niliyekigusa kishikwambi kile, pamoja na mwenzangu mmoja wa kidato cha sita. Basi naona yanipasa niseme neno kabla hatujaondoka hapa na kuwaachia wadogo zetu ubishi huu. Umri wangu ni miaka 19, wala sijioni fundi. Nitasimulia yaliyotokea, kisha nitatoa maoni yangu, na mwisho nina ombi kwa wanafunzi wa zamani.

Kwa ajili ya wale waliosoma hapa siku nyingi zilizopita, nianze na kifaa chenyewe. Kishikwambi ni kompyuta bapa, ukubwa wake kama daftari, nayo huamriwa kwa kugusa kioo. Hapa Buteba wengi huiita tableti tu. Mwezi wa Mei, 2024, makarani wa sensa ya Uganda walipita nyumba kwa nyumba wakiandika watu kwa vifaa vya namna hiyo. Ng'ambo ya mpaka, serikali ya Kenya ilianza kuvigawa katika shule za msingi mwaka 2016. Na kwa kuwa jamaa zetu wako pande zote mbili, watoto wa shangazi zetu walivishika mikononi kabla yetu sisi tulio wakubwa wao.

Chetu tulipewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, nasi tunamshukuru. Si cha bei kubwa, na jina la kiwanda sitalitaja, maana kosa nitakalosimulia halikuwa la kiwanda. Prosesa yake, yaani ubongo wake, hupiga mapigo bilioni 1.3 kwa sekunde, ndiyo gigahezi 1.3. Memori yake ya kufanyia kazi ni gigabaiti 1, na ghala yake ya kuwekea vitu ni gigabaiti 8. Mlikuwa na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita ya Baraza la Mitihani la Uganda, na kamusi, na kitabu kinene cha maswali ya fizikia. Tena mlikuwa na madaftari ya kemia ya mwalimu wetu mmoja aliyestaafu, ambayo wenzetu waliotutangulia waliyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Namwomba msomaji ayakumbuke madaftari hayo, maana nitayarudia.

Kifaa kilikuwa kizito. Ukitaka kufungua kile kitabu cha fizikia, ungeweza kwenda kunywa maji ukarudi. Wakati wa masomo ya jioni, watahiniwa kumi wamekizunguka na kila mmoja ana swali lake, uzito huo ni adha kubwa. Tukasoma mahali ya kwamba prosesa yaweza kupigishwa mbio kuliko ilivyopangiwa na kiwanda, nasi tukaazimu kujaribu.

Jambo hili si gumu kwa mtu aliyewahi kusimama kituo cha magari cha Busia, upande wa Kenya. Mwezi wa Februari, 2004, Kenya ilianza kutekeleza sheria kwamba kila matatu iwe na kidhibiti mwendo, ili isipite kilomita 80 kwa saa. Watu wa matatu hukiita spidi gavana. Injini ina nguvu za kupita hapo, lakini gavana huizuia. Ndani ya kishikwambi pia mna gavana, na waandishi wa programu hizo huiita kwa jina hilo hilo. Ni sehemu ya programu kuu, nayo huamua prosesa ipige mapigo mangapi kwa kadiri ya kazi iliyopo. Kazi ikipungua huishusha. Kazi ikizidi huipandisha mpaka kikomo kilichowekwa na kiwanda, wala si zaidi. Atakaye kupita kikomo hicho hana budi kuitoa programu kuu ya kiwanda na kuweka nyingine, iliyotengenezwa na mafundi wa kujitegemea, ambayo kikomo chake kiko juu.

Ili kuitoa ile ya kwanza, sharti ufungue kufuli iliyotiwa na kiwanda. Tulipotaka kuifungua, kishikwambi kilituonya kwa maandishi kwamba kila kilichomo ghalani kitafutwa. Karatasi za mitihani na kitabu cha fizikia vilikuwa katika kadi ndogo ya kuchomoa, nasi tulikuwa tumekwisha kuichomoa. Tukajibu ndiyo, tukaendelea.

Tuliipandisha prosesa hatua kwa hatua hata ikafika gigahezi 1.56, yaani nyongeza ya sehemu 20 katika 100. Kisha tukaipima. Iko programu ya kupimia ambayo huipa mashine mahesabu mengi, hutazama yamechukua muda gani, halafu hutoa namba moja. Namba yetu ilipanda kwa sehemu 17 katika 100. Tukaiandika ubaoni kwa chaki nyekundu, na kwa siku mbili tulitembea kama watu waliotwaa kombe la mpira.

Siku ya tatu mvulana mmoja wa kidato cha pili alituuliza, "Kaka, sasa kitabu cha fizikia hufunguka upesi?" Tulikuwa hatujatazama. Nililetewa saa ya mkono, nikahesabu. Kabla ya kazi yetu kitabu kilichukua sekunde 24 kufunguka. Sasa kilichukua 23. Kijana yule hakucheka, bali aliutazama ubao, akatutazama sisi, akaenda zake.

Sababu tuliielewa baadaye. Mfano wake ni jiko la shule. Mpishi akiwa mwepesi wa kusonga ugali, hali mchota maji ni mmoja na kisima kiko mbali, chakula hakitawahi. Ukimhimiza mpishi atasimama tu, mwiko mkononi, akingoja maji. Katika kifaa chetu mpishi ni prosesa, na kisima ni ghala. Kitabu kikubwa sharti kitolewe ghalani kidogo kidogo, na memori ya gigabaiti 1 haikitoshi pamoja na programu nyingine zilizokwisha kukaa humo. Programu ya kupimia ilimpima mpishi peke yake, haikumwuliza mchota maji.

Jambo la pili tulifundishwa na joto. Wanaosoma fizikia wajua kwamba umeme utumiwao na prosesa huongezeka kwa kadiri ya mapigo, na tena kwa kadiri ya mraba wa volti. Ili mapigo yale mapya yasiyumbe, tulilazimika kuongeza volti kwa sehemu 10 katika 100. Basi fanya hesabu: 1.2 mara 1.1 mara 1.1, jibu ni 1.45. Tulikuwa tukilipa umeme karibu mara moja na nusu ili tupate mapigo sehemu 20 tu zaidi. Umeme huo hugeuka joto, na kishikwambi hakina feni. Kikizidi kupata moto, programu kuu huishusha prosesa ili isiungue. Tulipopima kwa dakika 20 mfululizo badala ya dakika mbili, dakika za mwisho zilikuwa nzito kuliko zilivyokuwa kabla hatujakigusa. Na betri, ambayo zamani ilimaliza masomo ya jioni yote, sasa ilizimika kabla ya kengele. Umeme ukikatika usiku, kama ambavyo hukatika, watahiniwa walibaki na kioo cheusi.

Msidhani kwamba ni vijana wa Buteba tu wapumbazwao na namba. Mwaka 2013 jarida la AnandTech lilionyesha ya kuwa simu moja ya Samsung, Galaxy S4, ilikuwa imefundishwa kuzitambua programu fulani za kupimia. Ilipoona inapimwa, ilikiruhusu kiungo chake cha kuchora picha kifike megahezi 533. Ikichezewa mchezo wa kawaida, haikupita 480. Mwaka 2018 kampuni ya UL, yenye kipimo kiitwacho 3DMark, iliziondoa simu kadhaa za Huawei katika orodha yake kwa sababu ya namna hiyo. Viwanda hivyo ni vikubwa na vina mafundi hodari, na simu zenyewe hazikuwa mbaya. Lakini namba ilipokuwa ndiyo kitu kitafutwacho, waliitafuta namba.

Niliposoma habari hizo niliwakumbuka watu ninaowajua, nami nikiwamo. Mwanafunzi hukariri majibu ya karatasi za miaka mitano. Swali likija kwa maneno yale yale, hupata alama zote. Likija limegeuzwa kidogo, hukaa akitafuna kalamu. Naye amefundishwa kuutambua mtihani, kama ile simu. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ambao ulitahiniwa mara ya kwanza mwaka 2024, huhesabu pia kazi ifanywayo shuleni, sehemu 20 katika 100. Wako wanaoulalamikia kwa sababu kazi ni nyingi. Nilikuwa mmoja wao, sasa nimeacha.

Narudi kwenye madaftari ya kemia.

Wiki tatu baada ya kazi yetu, mtahiniwa mmoja alikuja kutaka ukurasa wa kupima asidi kwa alkali, ambao mwalimu yule aliueleza vizuri kuliko kitabu cho chote tulicho nacho. Nikafungua kadi, sikuona kitu. Ndipo nilipokumbuka kwamba picha zile hazikuwa katika kadi, zilikuwa ghalani. Kishikwambi kilikuwa kimeniuliza, nami nilijibu ndiyo. Tukakimbilia kabati la maktaba yalikowekwa madaftari yenyewe, tukakuta mchwa wametangulia. Yalibaki majalada na kingo za karatasi. Kurasa 180 na zaidi, kazi ya miaka mingi ya mtu mmoja, na sisi tuliziuza kwa namba ya ubaoni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa mwalimu. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni wanafunzi wangapi walikuwa wamenakili kurasa zo zote kwa mkono. Nikasema sijui. Akasema, "Nenda ukajue. Halafu uje na daftari tupu, na kalamu mbili." Tangu siku ile nimekwenda kila Jumamosi niliyopata ruhusa. Yeye husema, mimi huandika. Macho yake si mazuri tena, lakini kemia anaikumbuka. Tumefika ukurasa wa 40, na wenzangu wameokoa kurasa 61 kutoka katika madaftari yao.

Sasa maoni yangu. Wale watakao tukatazwe kabisa wana haki ya kukasirika, lakini dawa yao haitaponya. Madaftari yale yalikuwa na nakala moja ndani ya mashine moja. Kama kishikwambi kingeanguka sakafuni, au kuibwa, au kufa kwa uzee, yangepotea vile vile, na hapo tungemlaumu nani? Tena, tusingekifungua tusingejua kwa nini ni kizito; tungengoja mfadhili atununulie kingine, nacho kingekuwa kizito vile vile. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi naongeza kwamba aliyeviunda ni mtu, naye aweza kukosea. Mwaka 2016 iligunduliwa kwamba katika programu kuu iliyotolewa na Allwinner, watengenezaji wa prosesa za vishikwambi vingi vya bei nafuu, mlisahauliwa mlango wa majaribio. Kwa mlango huo programu yo yote ingeweza kuitawala mashine nzima. Mambo ya namna hiyo hujulikana kwa sababu wako watu wanaofungua na kutazama. Si vibaya baadhi yao watoke Busia na Tororo.

Lakini na hao wasemao tuachwe tufanye tupendavyo, siwaungi mkono. Kuharibu kulinifundisha, ni kweli. Ila karo ya funzo hilo ililipwa na mtahiniwa aliyekosa ukurasa wake, na mzee ambaye sasa analazimika kusema upya aliyokwisha kuyaandika. Mtu akitaka kujifunza kwa kuharibu, na aharibu kilicho chake.

Naomba basi Chama cha Sayansi kipewe ruhusa ya kuendelea, kwa masharti manne. Kwanza, asiguse mtu mashine ya shule mpaka kila kilichomo kimenakiliwa mahali pawili, na mtu wa pili amevifungua vile vilivyonakiliwa na kuviona kwa macho yake. Pili, kabla ya kubadili kitu, iandikwe kazi inayotakiwa: si "mashine iwe na mbio," bali "kitabu hiki kifunguke chini ya sekunde 10," au "betri imalize masomo ya jioni." Tatu, ipimwe kazi hiyo yenyewe, kabla na baada, kwa muda ule ule ambao wanafunzi huitumia mashine. Nne, yote yaandikwe katika daftari la Chama, hata yaliyoshindikana, ili atakayekuja nyuma asianze upya.

Masharti haya tumekwisha kuyajaribu wenyewe. Tulijiuliza kazi ni nini, tukaona ni kukifungua kitabu cha fizikia. Tukakikata vipande 12, kila mada kipande chake, jambo ambalo halikuhitaji kufungua kufuli yo yote. Mada moja sasa hufunguka kwa sekunde 4. Halafu tukaziondoa programu za kiwanda zisizotumika, tukapunguza mwanga wa kioo, ambao ndio mlaji mkubwa wa betri, na prosesa tukaishusha, tena chini ya kikomo cha kwanza, mpaka gigahezi 1. Namba ya programu ya kupimia sasa ni ndogo kuliko siku tulipokipokea kishikwambi, na hakuna aliyeiandika ubaoni. Lakini kengele ya mwisho ya usiku hulia na kioo bado kinawaka.

Na ombi langu kwenu, ninyi mliosoma hapa kabla yetu, ni hili. Kama ulifundishwa kemia na mwalimu yule, na una daftari lo lote la siku zile, hata kama limechakaa, hata kama ni kurasa mbili tu, tafadhali litafute. Pengine liko katika sanduku nyumbani kwa wazazi, pengine picha zake ziko katika simu yako ya zamani. Lilete shuleni au litume kwa mkono wa mtu mwaminifu. Tutalinakili mahali pawili, nasi tutakurudishia. Mimi nitafanya mtihani wangu wa mwisho mwezi wa Novemba, na Jumamosi zilizobaki hazitoshi kurasa zilizobaki.